MGENI WAKO NI AMANA: FUNZO KUTOKA MOGADISHU NA KILWA



Ndugu yangu msomaji, sisi watu wa Mahongole tunaishi jirani na Makambako, njia panda ya Mbeya, Iringa na Songea. Kwetu mgeni hana msimu. Leo ni dereva aliyeharibikiwa na gari, kesho mnunuzi wa mahindi, keshokutwa mwanafunzi aliyeachwa na basi. Basi tutazame waliotutangulia walimpokeaje mtu wasiyemjua.

Mwaka 1331, sawa na 731 Hijria, msafiri wa Moroko aitwaye Ibn Battuta alifika Mogadishu kwa njia ya bahari. Anasimulia kwamba chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara akishuka, anafikia kwa mwenyeji huyo.

Wengi wetu tukisikia kisa hiki tunaishia kwenye sahani. Zingatia kilichofuata. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia mahitaji yake. Mtu akimpunja mgeni bei, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara ile haikukubaliwa. Kumbe ukarimu ulikuwa na mambo mawili: chakula na ulinzi.

Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipokewa na kadhi na kulazwa nyumba ya wanafunzi. Sultani akampelekea wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Alikirimiwa siku 3, mara 3 kwa siku. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa mavazi.

Umeziona siku tatu? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Akamkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake uzitoni. Na wahenga wakasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haki ina pande mbili.

Kutoka huko Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja, akaenda Kilwa. Sultani Hasan bin Sulaiman alikuwa mtoaji mno, hata akaitwa baba wa zawadi. Fakiri wa Yemen alimsimamisha baada ya Ijumaa, akaomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadilisha, akampa.

Lakini tusiipambe historia. Mwanawe alizikomboa nguo zile kwa watumwa 10, na sultani akamwongezea fakiri watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu wale nao walikuwa na makwao. Nani aliyetangaza kuwa hawa ni wageni wake?

Nasi tujiulize. Shughuli zetu hazikosi pilau wala soda. Lakini mnunuzi wa mahindi anakaribishwa chai, kisha anapigwa bei maradufu kwa kuwa ni mgeni. Chai ile ni ukarimu gani?

Tufanye haya:

1. Mwulize msafiri anakwenda wapi na atalala wapi.
2. Mpe kilichopo. Ugali na maharage vinatosha, usikope kwa ajili ya sifa.
3. Mwonyeshe fundi mwaminifu, bei ya haki na mahali salama pa kulala. Akidhulumiwa mbele yako, sema.
4. Ukiwa mgeni wewe, usimchoshe mwenyeji wako.

Ndugu yangu, mgeni aliyekula kwako akaibiwa kwa jirani huku unatazama, hujamkirimu.

Allah atujaalie nyumba zetu ziwe na baraka na ndimi zetu ziwe ngao kwa wageni wetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.