Sauti ya Litungu na Dunia za Nyota

Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na tumbo kubwa lililowambwa ngozi. Likipigwa, sauti hutoka nzito, yenye mkwaruzo, kana kwamba inapanda kutoka ardhini. Tarime wanaijua, Serengeti wanaijua, na ng'ambo ya mpaka wa Sirari vilevile. Mgeni anayeisikia mara ya kwanza anaweza kudhani imetoka dunia nyingine. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: mtu anayebuni dunia isiyokuwapo, yenye sayari na watu wake, huzitoa wapi sauti zake?

Septemba 8, 1966, tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni za Marekani. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa haujatimiza miaka mitano. Ndani ya chombo cha angani alikuwamo ofisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aitwaye Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alieleza baadaye kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Neno likabadilishwa kidogo tu likawa jina. Usiku huo wa kwanza kilisikika hata Kiswahili, ingawa cha kubabaisha. Desemba mwaka uleule Uhura aliimba Beyond Antares, wimbo uliotungwa kwa ajili ya dunia hiyo ya kubuni. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Jina la mwimbaji lilikuwa letu.

Mwaka 1983 ikaja sauti yenyewe. Ben Burtt, fundi wa sauti wa Star Wars, alitafuta lugha ya kiumbe aitwaye Nien Nunb katika filamu ya Return of the Jedi. Akampata Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, naye akazungumza lugha za nyumbani. Ulimwengu ulisikia lugha ya sayari ya mbali. Watazamaji wa Kenya wakasikia maneno wanayoyaelewa! Nalipenda tukio hili, lakini linaniuma pia, kwa sababu lugha za watu wenye historia yao zilichukuliwa kuwa sauti tu, bila maana.

Kutunga dunia zetu wenyewe kulihitaji muda. Mwaka 1995 Katama Mkangi alichapisha Walenisi, riwaya ambamo Dzombo anasafiri kwa chombo hadi nchi ya mbali, na jina la nchi hiyo, Walenisi, ukilikata vipande, linasema kwamba wale ni sisi.

Kisha mwaka 2009 Wanuri Kahiu akatoa Pumzi, filamu fupi ya dakika zipatazo 20. Maji yamekwisha baada ya vita, watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, na jasho lao husafishwa likanywewa tena. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu ndani yake, kisha anatoroka na mche hadi jangwani. Hapa sanaa nzima, kuanzia mavazi hadi chupa ndogo ya maji, inabeba hofu tunayoijua: ukame.

Natamani siku moja dunia kama hiyo ipigiwe litungu, na aliyeketi na nyuzi zile nane awe mzee wa Tarime, jina lake likiandikwa mwishoni mwa filamu kwa herufi sawa na za wengine.