Kiti cha Enzi: Mpingo Uliotiwa Njumu za Pembe

Kiti cha enzi, fahari ya sebule za waungwana wa Lamu, Siyu na Unguja katika karne ya 19, kiliundwa kwa mpingo, kikasukwa uzi mgongoni na kikalioni, kisha fundi hodari akakitia njumu za pembe ya ndovu, vipande vyembamba vilivyopachikwa katika vijishimo vilivyochimbwa kwa patasi.

Pembe nyingi zilizofika pwani zama hizo zilitoka nchi za Ziwa Tanganyika. Zilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na kwa hiyo jamala ya kiti hiki imegharimiwa pia na jasho la watu wa bara.