Meli Mbili: Kelele na Uongo

Mwaka 2008, pwani ya mashariki ya Uingereza karibu na Flamborough Head, mamlaka za minara ya taa ziliamua kuivuruga meli yao wenyewe. Meli ile iliitwa Pole Star, yaani nyota ya kaskazini, ile waliyoifuata mabaharia kabla ya satelaiti. Utani huo naupenda. Kifaa cha kuvuruga mawimbi ya GPS kilielekezwa baharini, meli ikapita mbele yake.

Mtu angedhani ramani itazimika tu, basi. Kumbe GPS ilikuwa imejipenyeza kila mahali: kwenye mtambo unaozijulisha meli jirani mahali ilipo, kwenye ramani ya kielektroniki, hata kwenye redio ya dharura. Kengele zikalia moja baada ya nyingine. Vipokezi vingine vilitoa mahali pa uongo kabla ya kunyamaza kabisa. Si ajabu. Mawimbi yale hutoka kilomita 20,200 juu, na yakifika kwetu ni hafifu mno. Kifaa kidogo cha karibu huyafunika.

Lakini angalau kelele humshtua nahodha. Jaribio ninalorudi kulisoma kila mara ni la Juni 2013, Bahari ya Mediterania. Todd Humphreys wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na wanafunzi wake walipanda White Rose of Drachs, boti ya kifahari ya mita 65, kwa ruhusa kamili. Kisanduku chao hakikupiga kelele. Kiliigiza mawimbi ya satelaiti, kwanza kwa unyonge, kisha kikaongeza nguvu polepole mpaka vipokezi vikakifuata chenyewe. Hakuna kengele iliyolia. Halafu wakaanza kudanganya: boti imepotoka kidogo. Walioiongoza, kwa nia njema kabisa, wakaigeuza ili kusahihisha kosa ambalo halikuwepo. Kwenye skrini mstari ulibaki umenyooka. Nyuma ya boti, povu lilikuwa limepinda.

Hapo ndipo ninapoona kwamba kukipima kipokezi kwa kelele peke yake hakutoshi hata kidogo. Kipokezi kikinyamaza, mtu huichungulia dira. Kikidanganywa huku kikiendelea kujiamini, nani atageuka kuangalia povu?

Tangu 2022, kila Septemba, kijijini Bleik kisiwani Andøya, Norway, wahandisi huleta vipokezi vyao kwenye Jammertest. Vinapigiwa kelele, vinadanganywa, hadharani kabisa, kisha wenyewe wanarudi navyo nyumbani wakijua vilishindwa wapi.