Nitalipa Kesho, kwa Kiajemi

Karasha la kusagia mawe ya dhahabu likizimwa jioni hapa Buhemba, masikio huendelea kusikia mngurumo kwa dakika kadhaa. Ndio muda ninapotoa daftari langu. Upande wa kushoto nimeandika danestan, khastan, tavanestan. Upande wa kulia kujua, kutaka, kuweza. Jirani yangu, mchimbaji, alichungulia siku moja akauliza swali la haki kabisa:

"Mwalimu, Kiajemi cha nini huku?"

Nikamwonesha kichupa alichoshika. Ile zebaki anayokamatia dhahabu mwaloni jina lake tumelipokea kwa Waarabu, nao Waarabu walilitoa kwa Waajemi. Katika Kiajemi cha kale lilitokana na neno la uhai: kitu kilicho hai, kwa jinsi kinavyokimbia ukikigusa kwa kidole. Jirani akakitazama kichupa chake upya. Ajabu ya majina ni kwamba kitu kinachoitwa hai ndicho kinachomtia mtetemeko wa mikono anayekichoma miaka na miaka bila kinga.

Zebaki haikuja peke yake. Bandari ni neno la Kiajemi. Nahodha vilevile: bwana wa chombo. Dirisha ni mlango mdogo. Serikali ni sar na kar, kichwa na kazi, yaani msimamizi wa kazi, na nadhani wengi wetu tungependa neno hilo lirudie maana yake ya mwanzo. Lakini tazama orodha hiyo: karibu yote ni majina, vitu na vyeo. Vitenzi havikupakiwa jahazini. Kujua, kutaka na kuweza mtu hahitaji kuagiza ng'ambo. Kila jamii ilishakuwa navyo. Hata huku ukanda wa Ziwa watu walikuwa na kumanya au kumenya yao kabla hakijafika Kiswahili wala karasha.

Basi nilidhani nitakuta Kiajemi kigeni kitupu. Mwanzo kilikuwa hivyo. Sisi mtu humtanguliza: ni-na-jua. Wao humweka mkiani: midanam, ambapo ile -am ya mwisho ndiyo "mimi", na mi- ya mwanzo inafanya kazi inayofanana na -na- yetu. Sijui ni nemidanam. Nataka ni mikhaham, naweza ni mitavanam. Usiku wa kwanza nilikuwa nikiweka "mimi" mbele kwa mazoea, na sentensi inaangukia pua.

Kisha ikaja kujua ya pili. Kiajemi kina danestan ya kujua jambo na shenakhtan ya kumjua mtu. Sisi tunajua jambo na tunamjua mtu kwa kitenzi kilekile, ingawa mwenye sikio anasikia kwamba "namfahamu" ni salamu na "namjua huyo" yaweza kuwa onyo. Tunapotaka kutofautisha waziwazi tunakimbilia kutambua. Ndipo nilipocheka peke yangu: raia wa Iran ana kijitabu kiitwacho shenasname, waraka wa kumtambulisha, na mimi mfukoni nina kitambulisho. Walioteua majina hayo hawakuulizana. Wote waliona kwamba dola haitaki kukujua kwa maana ya kujua mambo yako; inataka kukutambua, ikuweke kwenye faili, isajili laini yako ya simu, basi.

Kwenye elimu ya juu ndiko tulikoachana. Chuo kikuu chao ni daneshgah: danesh ni ujuzi, gah ni mahali. Mahali pa kujua. Chuo Kikuu cha Tehran kilianzishwa mwaka 1934, na mwaka uliofuata likaundwa baraza la lugha lililojizatiti kubuni istilahi za Kiajemi ili yapungue maneno ya Kiarabu na ya Kizungu. Sisi baraza letu la Kiswahili, BAKITA, tulilipata mwaka 1967, na chuo kikuu tukakiita kwa jina kongwe zaidi. Kwa watu wa pwani chuo kilikuwa kitabu kwanza, na chuoni ni kule watoto walikosomea Kurani. Kwa hiyo chuo kikuu kilichopewa jina la Mwalimu Nyerere pale Butiama, ukikisoma kwa Kiswahili cha zamani, ni Kitabu Kikubwa. Napenda jina letu kuliko lao. Lao linadai kwamba ukifika mahali hapo unajua. Letu linasema tu kwamba kuna kitabu, ukisome.

Kuweza kulinishtua zaidi. Ukiweka na- ya kukanusha mbele ya tavan unapata natavan: dhaifu, mnyonge, asiye na nguvu. Hapa Buhemba mgonjwa "anaumwa". Lakini kaa Unguja, umuulizie bibi wa mtu, ujibiwe "hawezi", usiulize hawezi nini. Ni mgonjwa. Kitenzi kimesimama peke yake bila kuhitaji kazi ya kukamilisha, maana mgonjwa hajashindwa jambo moja. Ameshindwa siku nzima. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimeutazama mwili uliolala kitandani zikafikia neno lilelile.

Kiajemi pia kimenipatanisha na wanafunzi wangu. Kwa miaka nimewasahihisha kwa kalamu nyekundu: si "nataka niende", ni "nataka kwenda", si "naweza nikaja", ni "naweza kuja". Sasa nakuta kwamba Mwajemi akisema mikhaham beravam, neno kwa neno ni "nataka niende". Naweza kuja ni mitavanam biyayam, "naweza nije". Kwao hayo ndiyo yaliyo sanifu. Sijaacha kusahihisha, ila kalamu imepoa.

Sasa kutaka. Kwetu kimezaa utashi, kama pika ilivyozaa mpishi, na utashi umevaa suti ukaenda mikutanoni kuwa "utashi wa kisiasa". Kwao kimezaa khahesh, ombi, na khahesh mikonam ndiyo tafadhali yao. Lakini siri yake kubwa imo kwenye wakati ujao. Ile -ta- ya "nitalipa" ni mabaki ya taka. Ukitia kirejeshi kitenzi chote huchomoza kichwa: nitakapolipa, atakayelipa, tutakavyolipa. Tulianza kwa kusema tunataka, tukafupisha, tukasahau. Na Mwajemi? Nitalipa kwake ni khaham pardakht, na khaham hiyo ni kutaka, imevuliwa mi- tu. Siku hizi umbo hilo huandikwa zaidi kuliko kusemwa. Mtaani wanasema kama tunavyosema sisi, "nalipa kesho", kana kwamba kesho imeshafika.

Kwa hiyo kila ahadi ya malipo, kwetu na kwao, ndani yake ni hamu tu. Jambo hili lilinifurahisha mno hata nikalipeleka dukani jioni ileile, nilipofuata sukari na mafuta ya taa na fedha haikutosha.

"Mama, nitalipa kesho," nikasema. "Kwa Kiajemi, khaham pardakht."

Alikuwa ameshafungua daftari la madeni, kidole kikitafuta ukurasa wangu. Hakuinua macho.

"Hiyo ya Kiajemi nayo ni kesho?"