Kiasi na asili: Namba mbili za sehemu zinazowachanganya wanafunzi

Mtume mtoto dukani akalete sukari robo tatu, hakosei. Mwandikie robo tatu hiyohiyo kwenye daftari, 3/4, uone kalamu inavyosita.

Sehemu yoyote ina namba mbili. Ya chini inaitwa asili, inaonyesha kitu kizima kimegawanywa katika vipande vingapi vilivyo sawa. Ya juu ni kiasi, yaani vipande vilivyochukuliwa. Kwa hiyo kilo moja ya sukari, gramu 1,000, ikigawanywa mara 4 kila kipande ni gramu 250. Chukua 3, una gramu 750. Maneno “vilivyo sawa” yasirukwe: chapati ikikatwa ovyo vipande vinne, kimoja hakiwi robo.

Kinachosaidia ni kwamba Kiswahili kinataja namba zote mbili, ila kinaanza na ya chini. Kwenye “robo tatu”, robo ndiyo asili 4 na tatu ndiyo kiasi. Kwenye “theluthi mbili”, ile ya kura za wabunge wa Tanzania wakitaka kubadili Katiba, asili ni 3 na kiasi ni 2. Mtoto akisomewa “tatu juu ya nne”, mpangilio umegeuka, na si ajabu akachanganya.

Mtego mwingine uko kwenye ukubwa. Wengi wakiona 1/8 na 1/4 wanachagua 1/8, kisa 8 ni kubwa kuliko 4. Lakini asili ikikua, vipande vinaongezeka na kila kimoja kinapungua. Thumni ya kilo ni gramu 125 tu, nusu ya robo.

Kosa linalokula maksi zaidi ni kwenye kujumlisha. Mwanafunzi anapewa 1/2 + 1/4, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapata 2/6. Hiyo ni theluthi moja, ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo! Yaani kaongeza sukari, ikapungua.

Dawa yake ni kuzifanya asili zilingane kwanza. Nusu ni sawa na 2/4, sasa vipande vyote ni vya robo. Jumlisha kiasi peke yake, 2 + 1, asili ibaki 4 ilivyo. Jibu ni 3/4, ile ile robo tatu ya dukani.