Muziri na ragoge: jinsi hali ya maji ya Ziwa Albert inavyogusa soko la Arua na Koboko

Wanaosafirisha samaki wadogo wakavu kutoka Panyimur kupitia Nebbi hadi Arua, Koboko na mpaka wa Oraba wanajua kwamba kuna wiki lori hujaa upesi, na kuna wiki husubiri huku gharama zikipanda. Mara nyingi chanzo kiko majini.

Chakula cha samaki

Muziri na ragoge hula wadudu pamoja na zuplanktoni, yaani vinyama vidogo sana vinavyoelea majini. Zuplanktoni nao hula mwani. Mwani huhitaji mwanga na rutuba, na rutuba nyingi huzama chini. Upepo mkali huchanganya maji na kuipandisha juu. Maji yakitulia muda mrefu, yale ya chini hupungukiwa na hewa ya oksijeni na rutuba hubaki huko.

Ziwa Albert lina eneo la takriban kilomita za mraba 5,300, na kina chake hakizidi mita 60. Kwa hiyo upepo huweza kuyachanganya maji yake kwa urahisi kuliko katika ziwa lenye kina kirefu kama Tanganyika.

Kaskazini mwa ziwa

Nile ya Viktoria huingia ncha ya kaskazini, na Nile ya Albert hutoka karibu na hapo kuelekea Pakwach. Maji hayo ya mto yana chumvi kidogo kuliko ya ziwa na hupita haraka. Zuplanktoni wanaokua polepole husombwa kabla ya kuzaliana vya kutosha, lakini katika maji yaliyotulia huongezeka. Ndiyo maana hata sehemu zilizo karibu hazifanani.

Samaki nao wana athari zao. Mwaka 1967 mtafiti J. Green alichapisha uchunguzi kuhusu kinyama kiitwacho Daphnia lumholtzi katika Ziwa Albert, akihusisha umbo lake na mahali anapoishi na kuwindwa na samaki.

Baharini pia ni hivyo. Katika mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, mkondo huelekea kaskazini na huongeza kasi wakati wa kusi. Wavuvi wa dagaa huko hufuata majira ya kusi na kaskazi.

Mwezi na taa

Zuplanktoni wengi hushuka chini mchana na kupanda usiku, na samaki huwafuata. Wavuvi huwavuta samaki kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hupoteza nguvu na mavuno hupungua.

Kwa mfanyabiashara na msafirishaji

- Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukodi lori. Siku za giza ndizo zenye matumaini zaidi.
- Uliza hali ya upepo. Upepo mkali huzuia mitumbwi usiku huo, ingawa baadaye huweza kuongeza chakula cha samaki.
- Wakati wa mvua, kagua ukavu wa mzigo. Samaki wenye unyevu huota ukungu kabla ya kufika Kaya au Ariwara.
- Fuatilia kina cha ziwa. Mwaka 2020 maji yalipanda na kufunika sehemu za mialo.
- Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Kabla ya kupakia, uliza ofisi ya forodha kuhusu cheti rahisi cha uasili kwa mizigo midogo.