Gavana Asiyepigiwa Kura

Mkenya akisikia neno gavana anawaza mambo mawili: mkubwa wa kaunti, au kile kidude cha kuzuia mwendo kilichofungwa kwenye matatu enzi za sheria za Michuki. Kuna gavana ya tatu ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona. Ilikaa ndani ya giaboksi otomatiki za zamani, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyosaidia kuamua ni lini gari libadilishe gia. Naisimulia kwa sababu mtu akielewa giaboksi hiyo ilivyokuwa ikiamua mambo, hatakubali haraka kuambiwa, "Hii imekufa, nunua ingine."

Hadithi yenyewe inaanzia majini. Mwaka 1905, mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alikuwa akihangaika na meli. Injini mpya za mvuke zilizunguka kwa kasi kuliko mapanga yanayosukuma meli yalivyohitaji. Akabuni magurudumu yenye mapezi, yakitazamana ndani ya chombo kilichojaa kimiminika. Injini inazungusha moja, kimiminika kinarushwa, na kile kimiminika kinazungusha lingine. Hakuna chuma kinachoshika chuma. Wazo hilo ndilo lililokuja kuchukua nafasi ya pedali ya klachi.

Kule Marekani, kubadilisha gia kulikuwa kazi ya jasho. Ukikosea kidogo, meno yanasagana na mtaa mzima unasikia. Earl Thompson alibuni njia ya kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, na Cadillac wakaanza kuitumia 1928. Thompson huyo huyo baadaye aliongoza kikundi cha General Motors kilichounda Hydra-Matic, iliyoingia sokoni kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Gia nne za mbele, pedali ya klachi hakuna. Halafu vita vikaja, na Hydra-Matic ikaenda nayo: vifaru vyepesi vya M5 vilibeba injini mbili za Cadillac, kila moja na giaboksi yake. Baada ya vita zikafika kwenye magari ya kazi. Ford waliuza pikapu yenye otomatiki 1953, Chevrolet wakafuata 1954.

Sasa jiulize: kompyuta haikuwepo, giaboksi ilijuaje wakati wa kubadilisha?

Ilijua kwa ubishi wa presha mbili za oili. Presha ya kwanza inatoka kwa gavana, ambayo inazunguka pamoja na shafti ya kutokea: gari likiongeza mwendo, presha inapanda. Ya pili inatoka upande wa injini: ukikanyaga mafuta sana, nayo inapanda. Hizi mbili zinasukumana kwenye valvu moja. Ya mwendo ikishinda, valvu inasogea na gia ya juu inaingia. Ya mzigo ikishinda, gia ya chini inabaki ili gari liwe na nguvu ya kupanda mlima. Basi. Hiyo ndiyo akili yote.

Ndiyo maana dalili za pikapu kuukuu zinasomeka. Ikikataa kabisa kutoka gia ya kwanza, shuku gavana imekwama. Ikichelewa kubadilisha halafu ikupige teke mgongoni, huenda ujumbe wa mzigo unasema uongo. Kwenye Turbo-Hydramatic 350 ya 1969, ujumbe huo uliletwa na mvuto wa hewa kutoka kwa injini, kupitia paipu nyembamba hadi kwenye kiwambo. Paipu ikipasuka, giaboksi inadhani umebeba mawe. Kiwambo kikitoboka, injini inaanza kunyonya oili ya giaboksi na kuichoma: moshi mweupe kwenye ekzosi, oili inapungua, na chini ya gari hakuna hata tone.

Oili nayo ina historia yake ya aibu. Kwa miaka mingi ilichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu yalifanya klachi za ndani zishikane kwa ulaini. Marekani ilipowaorodhesha nyangumi hao kuwa hatarini 1970, wakemia walilazimika kutafuta mbadala. Rangi nyekundu unayoiona leo ni ya kuitofautisha tu na oili ya injini.

Halafu petroli ikapanda bei miaka ya sabini. General Motors wakataka gia ya nne ya kupunguza ulaji, na 1982 wakaleta 700R4. Ujumbe wa mzigo ulipita kwenye kebo kutoka kwa kabureta, na kebo hiyo iligusa pia presha inayobana klachi za ndani. Ikilegea, gia zinapanda mapema, klachi zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Kebo tu, bana!

Binamu yangu anaishi Texas na anajipatia riziki kwa kukata nyasi za watu. Pikapu yake ya 1986 ina 700R4. Alinipigia akisema gia zinapanda mapema mno, kisha zinateleza akivuta trela. Gereji moja ilikuwa imemtajia bei ya giaboksi nzima, pesa ya kumkalisha nyumbani msimu wote. "Cuzo, niuze mashine?" Nikamuuliza nini kiliguswa mwisho. Kabureta, akasema, wiki iliyopita, ya kampuni tofauti. Nikamwambia achomoe kijiti cha kupimia oili, injini ikiwa moto na inaunguruma, gia ikiwa kwenye P. Oili ilikuwa bado nyekundu, haina harufu ya kuungua. Akazima injini, akamwomba mtu akanyage mafuta hadi mwisho, yeye akiangalia kebo. Haikuvutika hadi mwisho. Alihitaji kipande cha kuishikilia kinacholingana na kabureta mpya, kisha kuirekebisha upya. Msimu wa nyasi uliendelea.

Mwaka 1993 pikapu za Chevrolet zilianza kupata 4L60-E: kebo ikatolewa, gavana ikatolewa, sensa na kompyuta zikachukua kazi. Maswali hayakubadilika: mwendo kiasi gani, mzigo kiasi gani? Magari ya mtumba kutoka Japani yaliyojaa Kirinyaga Road nayo yanajiuliza hayo hayo. Kwa hivyo fundi akikutajia giaboksi ya ex-Japan kabla hajafungua boneti, mwombe kwanza aangalie kiwango cha oili, rangi yake na harufu yake, halafu akuonyeshe ni ujumbe upi haufiki. Kufungua giaboksi ni hatua ya mwisho.